Nusu Peni ya Suffolk

Treni kutoka Liverpool Street, London, hufika Ipswich kwa muda wa saa moja na kitu. Ami yangu alikuwa ameshaegesha gari nje ya stesheni, ditekta yake ya kusaka metali ameilaza kiti cha nyuma, ameifunga taulo. Ami ni mzaliwa wa Wete, Pemba. Ameendesha mabasi Uingereza mpaka akastaafu, na tangu hapo Jumamosi zake ni za mashamba ya Suffolk. Miaka yote nilikuwa nikimsikia kwenye simu tu akizungumzia sarafu. Safari hii nilitaka kufuatana naye shambani nione mwenyewe.

"Umekula?" aliniuliza kabla hata salamu hazijaisha. "Tunakokwenda hakuna hoteli, mwanangu."

"Nimekula, ami."

"Basi twende. Jua la huku halingoji mtu."

Tulishika barabara ya A140 kuelekea kaskazini. Imenyooka kwa maili nyingi, na sababu yake ni ya zamani: sehemu kubwa inafuata njia ya Warumi iliyotoka Colchester kwenda mji wao wa Venta Icenorum, karibu na Norwich ya leo. Ami alikuwa akinionesha mashamba ya kushoto na kulia huku akieleza. Mpita njia huona ngano iliyovunwa. Yeye hutazama kijia cha zamani kilipopita, kivuko cha mto kilipokuwa, gulio lilipokaa, maana huko ndiko watu walikotoa pesa mfukoni na nyingine zikawaponyoka. Mengi ya uhodari wa kazi hii huishia hapo, katika kujua watu walipita wapi. Mashine huja baadaye.

Tulipofika Hoxne akapunguza mwendo bila mimi kumwomba.

"Hapa ndipo ilipopotea nyundo," akasema.

Kisa hicho nilikuwa nakijua juu juu. Yeye alinieleza chote. Novemba 1992 mkulima mmoja wa hapa, Peter Whatling, alipoteza nyundo shambani. Akamwomba rafiki yake, Eric Lawes, aje na ditekta yake amtafutie. Lawes hakuinunua hiyo ditekta mwenyewe. Alikuwa amezawadiwa alipostaafu. Kabla ya nyundo, mashine ililia kwa vijiko vya fedha, na mikufu ya dhahabu, na sarafu juu ya sarafu. Baadaye zilihesabiwa karibu 15,000, za Kirumi, na za mwisho kabisa ni za mwaka 407 au 408, wakati utawala wa Roma ulipokuwa ukiondoka Uingereza.

Ami hasimulii kisa hiki kwa sababu ya pauni milioni 1.75 walizolipwa, ambazo Lawes aligawana na rafiki yake. Anachokisimulia kwa mkazo ni kwamba Lawes alitoa vichache, akaona mambo ni makubwa, akaacha kuchimba. Wakapiga simu halmashauri. Kesho yake wanaakiolojia wakaja, na kwa kuwa sehemu kubwa ilikuwa bado imelala ilivyozikwa, waliweza kutambua kwamba palikuwa na sanduku la mwaloni, na visanduku vidogo ndani yake, na nyasi zilizowekwa kati ya vyombo. Mtu fulani alipakia mali yake kwa utaratibu, akiwa na nia ya kuirudia. Habari hiyo haimo ndani ya sarafu hata moja. Ilikuwamo katika namna zilivyokaa. Nyundo nayo ilipatikana, na leo iko British Museum.

Shamba letu lilikuwa mwendo mfupi kutoka hapo. Siwezi kulitaja, kwa sababu kuna watu huingia mashambani usiku na mashine kuiba. Mwenye shamba alitupungia mkono kutoka kwenye trekta. Ruhusa yake ami anayo kwa maandishi, pamoja na makubaliano kwamba chochote chenye thamani ni nusu kwa nusu. England hakuna ardhi ambayo unaingia na ditekta bila ruhusa ya mwenyewe, na kwenye maeneo ya kale yaliyoorodheshwa na serikali huingii hata mwenyewe akikubali, mpaka upate kibali rasmi.

Mashine yenyewe ni Garrett ACE 250, ya njano, inatumia betri nne ndogo. Ami aliinunua ikiwa imetumika, kwa pauni 90. Zipo zinazopita pauni 1,000, na wenye nazo huwa hodari wa kuzisifu. Lakini Terry Herbert, aliyegundua dhahabu ya Staffordshire mwaka 2009, hazina iliyolipiwa pauni milioni 3.285, alikuwa na ditekta kuukuu ya mtumba. Mimi baada ya siku ile nasema bila kusita: anayeanza asijikopeshe.

Ndani ya koili, ile sahani ya chini ya mashine, mna nyaya mbili zilizozungushwa. Wa kwanza hupitishiwa umeme unaokwenda na kurudi mara 6,500 kwa sekunde, na umeme huo huzaa uga wa sumaku unaoshuka ardhini. Ukikuta metali, metali nayo huzalisha vijimkondo vyake, na waya wa pili huvisikia. Fedha na shaba hupitisha umeme kwa wepesi, chuma kina tabia yake, foili ya alumini ina yake. Mashine hupima jinsi kinachorudi kinavyochelewa nyuma ya kilichotumwa, ikatoa sauti: nzito kwa chuma, ya wastani kwa vya katikati, na mlio wa kengele kwa fedha na shaba nene. Sarafu ya kawaida huisikia mpaka sentimita 15 au 20 hivi, si zaidi.

Ami alinifundisha kuibeba. Koili iende sambamba na ardhi, isiinuliwe mwishoni mwa kila mpito, na kila mpito uguse njia ya ule uliotangulia, kama mtu anayepiga deki. Polepole. Ukisikia sauti, zunguka upite juu yake kwa upande mwingine. Sauti inayolia pande zote mbili chimba, inayolia upande mmoja mara nyingi ni msumari.

"Na hizi picha?" nilimuuliza. Juu ya skrini palikuwa na alama za sarafu.

"Hizo za Wamarekani. Mashine imetoka Texas. Suffolk hakuna robo dola, mwanangu. Usitazame, sikiliza."

Nilikuja kuuelewa uzito wa maneno hayo baadaye. Mashine hukupa nafasi ya kuzima sauti za takataka, na mgeni huvutiwa mno na kitufe hicho: zima foili, zima vizibo, bakiza kengele tu. Sasa, fedha za Uingereza ya zamani zilikuwa nyembamba mno, zimegongwa kwa nyundo, nyingine zimekatwa vipande. Kwa mashine hii kipande kama hicho hakilii kengele. Kinaangukia pale pale inapoangukia foili ya chokoleti. Ukizima foili umeizima na karne ya 13. Ami huzima chuma peke yake, vingine vyote anachimba, na ndiyo maana saa za mwanzo tulitoa vitako vya risasi za shotgun, mabonge ya risasi nyeusi, vifungo vya koti visivyo na hata chembe ya dhahabu iliyowahi kupakwa, na peni moja ya Malkia Victoria iliyoliwa na mbolea hata mwaka hausomeki. Kila shimo tulilifukia. Kila takataka tuliitia mfukoni, kwa sababu kuiacha ni kuichimba tena.

Mchana ulipokuwa umekwenda nilikuwa upande wa chini wa shamba, karibu na mfereji. Sauti ilikuwa ya wastani, imekatikakatika, lakini ilirudi pande zote mbili. Nikachota pande la udongo, nikalipitisha juu ya koili, likalia. Nikaligawa mara mbili; nusu moja ikanyamaza. Nikaendelea kugawa mpaka likabaki tonge la kiganjani, na nilipolivunja kwa kidole gumba nikaona ukingo mweupe.

Ilikuwa nusu duara. Upande mmoja una jicho, na mashungi ya nywele yaliyokunjwa, na kipande cha taji. Upande wa pili una mikono ya msalaba wa mistari miwili miwili inayofika mpaka ukingoni, na katikati yake herufi: ONL, halafu baada ya mkono wa msalaba, VND. Nilimwita ami, naye alikuja kwa mwendo ambao goti lake huwa halimruhusu.

"Henry wa Tatu," akasema. "Peni ya London. Wameikata makusudi."

Siku hizo peni ilikuwa pesa nyingi kwa kununulia mkate, na nusu peni za kutosha hazikuwapo, kwa hiyo waliikata peni yenyewe kwa kufuata mstari wa msalaba. Msalaba huo mrefu ulianza 1247, na nia yake hasa ilikuwa kuzuia wajanja waliokuwa wakipunguza kingo za sarafu na kujiwekea fedha ile: mkono wa msalaba usipofika ukingoni, ujue sarafu imeibiwa. Nikakumbuka hazina ya Hoxne. Sarafu nyingi za fedha za hazina ile nazo zimepunguzwa kingo, na hiyo ilikuwa zaidi ya miaka 800 kabla ya Henry. Kwenye nusu niliyoishika jina la mji lilikuwapo. La fundi aliyeigonga lilikwenda na nusu ya pili.

Tulikaa kwenye ukingo wa shamba na chupa ya chai ya tangawizi. Nikamuuliza ami kama amewahi kwenda na mashine Pemba.

"Hii haipandi ndege," alijibu. "Huku ukiokota kitu kuna wa kumpelekea, na shamba limelimwa mara elfu. Kwetu vitu bado vimelala pale pale vilipozikwa. Umeiona Mtambwe wewe?"

Nilikuwa nimeiona. Mwaka 1984, Mtambwe Mkuu, wanaakiolojia walifukua zaidi ya sarafu 2,000 za fedha, ndogo mno, zenye majina ya watawala yaliyoandikwa kwa Kiarabu chenye vina, na pamoja nazo dinari za dhahabu za Wafatimi. Dinari hizo ndizo zilizotoa tarehe, na kwa ajili hiyo tukajua kwamba Waswahili walikuwa wakigonga fedha yao wenyewe katika karne ya 11. Lau mtu angezichota usiku akauza dhahabu huku na fedha kule, ujuzi huo wote ungepotea. Bara nako nimesikia wanaochimba makaburi na misingi ya boma wakitafuta mali ya Mjerumani, wakiota ile rupia 15 ya dhahabu yenye tembo iliyogongwa Tabora mwaka 1916. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inakataza kufukua bila leseni, na mimi naiunga mkono kwa moyo wote.

Ami akanikumbusha pia sarafu za Kilwa zilizookotwa mwaka 1944 kwenye kisiwa kimoja cha Wessel, kaskazini mwa Australia, na askari aitwaye Maurie Isenberg. Tano za Kilwa, nne za Waholanzi. Alizihifadhi miaka mingi kabla ya kuzipeleka kwa wataalamu, lakini alikuwa ametia alama ya X kwenye ramani. Mpaka leo wanaofuatilia jinsi fedha ya Kilwa ilivyofika huko huanzia kwenye alama ile.

Sarafu moja pekee kwa kawaida si hazina kwa Sheria ya Hazina ya 1996. Zingekuwa mbili za fedha mahali pamoja, zenye umri wa zaidi ya miaka 300, tungekuwa na siku 14 za kutoa taarifa. Ami huripoti hata hivyo. Alisimama juu ya shimo langu na simu, akasoma namba za ramani tarakimu 10, ambazo hukuonesha mahali kwa mita moja, akaziandika kwenye bahasha ndogo na kuitia nusu peni humo.

Afisa wa mkoa aliyeipokea aliipima, akaipiga picha pande zote mbili, akauliza kina chake na upande wa shamba. Sasa imo katika usajili unaosimamiwa na British Museum, wenye vitu zaidi ya milioni 1.5, na yeyote anaweza kuisoma, ila mahali hasa hufichwa. Mwaka jana, upande ule ule wa mfereji, ami alisajili robo ya peni ya aina hiyo hiyo. Afisa anahisi palikuwa na gulio.

Mwenye shamba ameshatutumia ujumbe. Viazisukari vya shamba linalopakana na kanisa vitang'olewa mwezi ujao, na tunaruhusiwa kuingia kabla hajalima.