Alfajiri Mama Ngina: Mahali pa kuanzia kwa waliochelewa

MSOMAJI mpenzi, ikiwa umewahi kuvuka kivuko cha Likoni, bila shaka unaujua ule mwinuko. Ukitoka mjini Mombasa kwenda Likoni unateremka kwa raha, miguu ikikupeleka yenyewe. Shida ni kurudi. Feri inapofunga gati upande wa kisiwani na mlango kushushwa, umati humwagika kama siafu, na kila mmoja, awe amebeba kikapu cha maembe ama faili za ofisi, hana budi kuupanda mwinuko huo hadi kituo cha matatu.

Ni hapo nilipoaibika Januari mwaka jana. Nilikuwa na binti yangu wa miaka tisa, tukienda mjini kununua sare za shule. Hata kabla ya kufika nusu ya njia, pumzi zilinikatikia. Moyo ulidunda hadi nikausikia masikioni. Nikashika reli ya kando na kujifanya ninazitazama meli. Mtoto alirudi nyuma, akaniangalia usoni kwa muda, kisha akasema: "Baba, nipe mkoba nikubebee."

Mkoba wenyewe haukuwa na kitu ila gazeti na mwavuli.

Wakati huo nilikuwa na umri wa miaka 38 na uzani wa kilo 98. Marehemu babangu alipatwa na kiharusi akiwa na miaka 53, akalala kitandani miaka mitatu, nasi wanawe tukimlisha uji kwa kijiko. Kwa hivyo maneno ya yule mtoto hayakunichekesha. Wiki iyo hiyo nilikwenda zahanati kupimwa presha, nikaambiwa ni 158 kwa 98. Huenda unajua kwamba kipimo kikifika 140 kwa 90 na kuendelea, tena kikirudiwa siku nyingine na kuonyesha vivyo hivyo, mtu huhesabiwa kuwa na shinikizo la juu la damu. Nilipimwa tena baada ya wiki moja. Hakukuwa na nafuu. Tabibu aliniandikia vidonge, akaniuliza ninafanya kazi gani. Nilipomwambia kazi yangu ni kuketi na kuandika, alitikisa kichwa na kusema vidonge peke yake havitatosha. Mwili ulihitaji kufanya kazi.

HARAKA YA KUTUBU

Kama walivyo wengi wanaoshtuliwa na daktari, nilitaka kuponywa kesho yake. Nilikwenda kwenye jimu moja ya kifahari mjini, nikalipa ada ya miezi mitatu kwa mpigo. Palikuwa na kiyoyozi, muziki wa kutikisa madirisha, mashine za kukimbilia mahali pamoja, na vioo kila ukuta. Kila nilikogeukia nilikutana na tumbo langu.

Sasa sikiliza kosa nililofanya, nawe usilirudie. Kijana mmoja mwenye kifua kama mlango wa ghala alimaliza zamu yake kwenye benchi akaondoka. Mimi nikalala pale pale, na kwa kuona haya, sikupunguza hata kimoja cha vyuma alivyokuwa ametia. Nilinyanyua mara mbili. Ya tatu chuma kilinishukia kifuani kikakaa, na kama si kijana huyo kuja mbio, sijui ningejieleza vipi nyumbani. Bega liliniuma majuma mawili. Jimu yenyewe sikurudi.

Lawama si ya wenye jimu wala ya yule kijana. Nilitaka watu nisiowajua hata kwa majina wasinicheke, nikalipa kwa bega langu. Na nimegundua, kwa kuzungumza na wengi wa rika langu, kwamba hilo ndilo linalotushinda sisi tunaoanza tukiwa watu wazima. Wengi huacha kabla mwili haujachoka, kwa kuwa haya imekwisha kuwachosha.

MIBUYU NA MELI

Mwenzangu kazini ndiye aliyeniambia: "Achana na vioo. Nenda Mama Ngina alfajiri."

Ukishapanda ule mwinuko wa feri, pinda kulia. Utaingia barabara inayofuata ukingo wa bahari hadi Ras Serani, kwenye mnara wa taa, mahali ambapo wenyeji hupaita Lighthouse. Barabara hii ina jina la Mama Ngina Kenyatta, mke wa Rais wa kwanza wa nchi yetu. Bustani yake ilifanyiwa ukarabati mkubwa, na sherehe za kitaifa za Mashujaa za mwaka wa 2019 zikafanyiwa hapo. Njia za miguu zimetandazwa vizuri na viti vya kupumzikia vipo. Lakini kilicho bora zaidi pale hakikujengwa na mkandarasi yeyote. Ni mibuyu. Imesimama minene, mikongwe, haina haraka, na huwezi kujiona mnene ukiwa umesimama kando ya mbuyu.

Fika saa kumi na moja na nusu, kabla jua halijatoka, ujionee. Wazee wametoka msikitini moja kwa moja, kofia bado ziko vichwani na kanzu wamezikunja mkononi ili wapate kupiga hatua. Akina mama wa buibui wanakwenda wanne wanne, raba nyeupe zikichungulia chini, na mazungumzo yao hayakomi hata kwenye mwendo wa kasi. Mabwana na mabibi wa Kihindi wanatembea wakirusha mikono kama askari wa gwaride. Vijana wa timu za mitaani wanawapita wote mbio, na hakuna anayemtazama mwenziwe mara mbili. Kioo hakuna. Upande mmoja ni mibuyu, upande wa pili ni bahari.

Siku ya kwanza niliweza dakika kumi tu. Nilijibwaga kwenye kiti ambacho tayari kilikuwa na mzee mmoja mwembamba, mstaafu wa bandari kama nilivyokuja kujua baadaye.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ni siku ya kwanza?"

Nilimuuliza amejuaje. "Raba zako ni mpya," akajibu, "na umekuja bila maji."

Tulipokuwa tumeketi, meli kubwa ya makontena iliingia ikielekea bandarini. Mkondo wa Kilindini, ambao hata jina lake lakwambia kwamba maji ni ya kina, ni mwembamba mno hivi kwamba meli hupita karibu, ukawaona mabaharia wakitembea sitahani. Mzee alinyosha kidole ubavuni mwa meli. "Unaiona ile alama, duara lenye mstari katikati? Huo ndio mpaka wa shehena. Meli ikipakiwa hata mstari ukazama, imepita kiasi chake, na ni hatari kwenda nayo baharini. Hakuna nahodha anayeona haya kwa sababu meli ya mwenziwe inabeba zaidi."

Ni kweli. Uingereza ilifanya alama hiyo kuwa lazima kwa sheria ya mwaka wa 1876, baada ya mbunge Samuel Plimsoll kupigania maisha ya mabaharia waliokuwa wakizama na meli zilizopakiwa kupita kiasi. Leo meli za mizigo duniani kote zina alama ya namna hiyo. Nilikumbuka lile benchi la jimu, nikanyamaza.

Tangu siku hiyo nilishika utaratibu wa mzee. Wiki ya kwanza dakika kumi kila asubuhi, basi. Kila wiki mpya niliongeza dakika tano. Kufikia wiki ya saba nilikuwa natembea dakika arubaini, kutoka feri hadi Lighthouse na kugeuka. Mwendo nao una kipimo chake ambacho hakihitaji saa wala mashine: ukiwa unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, hapo ndipo. Ukiweza kuimba, kaza mwendo. Ukishindwa kuzungumza, punguza.

VYUMA VYA SIMITI

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba mtu mzima apate kati ya dakika 150 na 300 za mazoezi ya wastani kila wiki, na zaidi ya hayo siku mbili au zaidi za kuimarisha misuli. Watu wengi husahau hilo la pili. Tukishapita ujana, misuli huanza kupungua pole pole tusipoitumia, na ndiyo maana unamwona mtu wa miaka 60 akishindwa kuinuka kitini bila kushika meza. Vyuma havikuumbiwa vijana wa kutaka vifua pekee.

Basi nilianza upya, safari hii karibu na nyumbani, Likoni. Nyuma ya karakana ya seremala mmoja kuna banda la mabati ambamo vijana wa mtaa hufanyia mazoezi. Vyuma vyao wamejitengenezea: makopo ya rangi yaliyojazwa simiti na kuunganishwa kwa paipu ya chuma, kopo hili upande huu na jingine upande ule. Kopo la lita nne likijaa simiti na kokoto huwa karibu kilo kumi. Malipo ni shilingi 50 kwa siku, na ukikosa utalipa kesho.

"Karibu, ami," walinikaribisha. Nakwambia, msomaji, kuitwa ami na mtu mwenye ndevu ni jambo linalohitaji mazoezi yake.

Kocha wao, ambaye mchana ni fundi wa kuchomelea, alinipa paipu tupu. Haikuwa na kopo hata moja. Kwa majuma mawili nilinyanyua paipu hiyo, naye akinirekebisha mgongo na viwiko. Nilipotaka kuongeza, alikataa. "Chuma hakikimbii, ami. Utakikuta." Presapu alinianzishia ukutani nikiwa nimesimama, baadaye kwenye benchi, na mwezi wa tatu ndipo niliposhuka sakafuni. Kuchuchumaa na kuinuka nilikuanza nikikalia kiti na kusimama, mara kumi, bila kushika kitu. Hilo, ewe unayesoma ukiwa sebuleni, waweza kulijaribu sasa hivi kabla hujafunua ukurasa.

Kicheko nilichokuwa nikikiogopa kilikuja mara moja tu, nilipoteleza nikakaa chini na paipu mapajani. Walicheka, nami nikacheka, halafu wakaniinua.

KABLA HUJAFUNGA KAMBA ZA RABA

Mambo machache nakuhimiza. Kwanza, ikiwa umri umesogea na hujawahi kufanya mazoezi, pimwa presha na sukari kabla ya kuanza, na umweleze daktari nia yako. Kama unatumia dawa, usiziache kwa sababu umejisikia vizuri. Pili, ukipata maumivu ya kifua, hasa yanayopanda taya au kushuka mkononi, ama ukihisi kizunguzungu, acha papo hapo utafute hospitali, usijikaze kiume. Tatu, joto la Mombasa si la kuchezea. Maliza kabla ya saa mbili asubuhi, na beba maji.

La nne ni la mlo. Mama Ngina ya jioni si ile ya alfajiri. Jioni kuna mihogo ya kukaanga iliyotiwa pilipili na ndimu, kuna kachiri, kuna viazi karai, na harufu yake hukufuata hadi garini. Mwezi wa kwanza nilikuwa nikitembea asubuhi na kurudi kula jioni, na mizani haikusogea hata kidogo. Siku hizi mihogo ni ya Jumapili tu, pamoja na binti yangu, na madafu juu yake.

Usitarajie miujiza. Baada ya miezi minane nilikuwa nimepungua kilo sita pekee, na hakuna aliyenisimamisha njiani kunisifu. Presha ilishuka ikawa 136 kwa 86. Vidonge naendelea navyo, na tabibu ameridhika. Ningali mnene. Tofauti ni kwamba usiku nalala, na asubuhi mwili wenyewe waniamsha.

Shule zilipokuwa zikifunguliwa kwa muhula wa tatu, tulivuka tena na binti yangu. Feri ilifunga gati, umati ukamwagika, nasi tukaanza kupanda. Sikusimama. Pumzi zilikuwa juu, lakini maneno yalitoka, kwa hivyo nilijua niko kwenye kipimo. Nilipofika kituo cha matatu niligeuka nikamwona yuko nyuma hatua kadhaa, mkoba wa vitabu vipya umemvuta bega.

"Baba, nibebee," akasema.

Niliupokea. Ulikuwa mzito kuliko nilivyodhani.

Basi, msomaji, ukiwa mjini panda matatu ya Feri pale Posta, shuka ufuate bahari. Ukiwa umetoka bara kutembelea jamaa, tenga asubuhi moja kabla ya kwenda ufuoni. Anza na mbuyu mmoja, kesho uende wa pili. Na siku utakapokuwa umezoea, ukimwona mtu ameketi peke yake, raba mpya na hana maji, msalimie. Siku ya kwanza huwa ndefu.