Kukusanya Sarafu za Kale

Ndugu msomaji, mmoja hujiburudisha kwa mpira, mwingine kwa soga, mwingine kwa kuimba. Mimi nimechagua kukusanya sarafu za kale. Hapa Kirolirwe wako wanaonicheka: "Katekista, fedha isiyonunua hata chumvi yafaa nini?" Swali hilo ni la haki, nami nataka kulijibu.

Siku hizi katika Kongo hatushiki tena sarafu za madini sokoni. Twanunua kwa noti za faranga na kwa dola za Marekani. Watoto wengi hawajui mlio wa sarafu ikianguka mezani. Lakini katika nyumba za wazee zingali zimo, ndani ya mikebe na vitambaa vilivyofungwa fundo. Basi hapo ndipo pa kuanzia. Usitafute mbali, mwulize kwanza babu yako na nyanya yako.

Sarafu ni kitabu kidogo. Zile za shaba zenye tundu katikati, nyota upande mmoja na herufi L zenye taji upande wa pili, zilianza kupigwa mwaka 1887, Kongo ilipokuwa chini ya Mfalme Leopold wa Pili. Faranga 2 za mwaka 1943 zina pembe sita na picha ya tembo. Zilipigwa Philadelphia, katika Marekani. Kwa nini huko? Kwa sababu Wadachi walikuwa wameishika Ubelgiji tangu 1940. Faranga 5 za mwaka 1952 zina mchikichi, na maandishi yake yataja Kongo ya Ubelgiji pamoja na Ruanda-Urundi, maana fedha ile ilikuwa moja pande zote mbili za mpaka.

Halafu zaja sarafu za zaire. Mwaka 1967 zaire 1 ilichukua mahali pa faranga 1,000, nayo ilikuwa sawa na dola 2. Iligawanyika katika makuta 100. Mwaka 1993 zaire milioni 3 za kale zikawa zaire mpya 1. Mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikawa faranga 1. Piga hesabu mwenyewe: faranga hiyo moja ilimeza zaire za kale miliari 300. Hivyo ndivyo akiba ya wazee wetu ilivyoyeyuka, wala si kwa uvivu wao.

Anayeanza na ashike mambo machache. Achague njia moja, kwa mfano sarafu za Kongo peke yake. Asizisugue kwa mchanga wala majivu, maana sarafu iliyokwanguliwa hupoteza thamani. Azishike kwa ukingo wake. Azitunze pakavu, kila moja katika karatasi yake, kwa kuwa ukungu wa milima yetu ya Masisi huharibu madini. Tena awe na daftari: aandike mwaka, madini, picha, na jina la aliyempa pamoja na habari aliyosimulia. Bila habari hiyo nusu ya mali imepotea.

Liko na jambo la dhamiri. Mwaka jana mama mmoja mjane aliniletea mkebe wa makuta. Alitumaini kwamba zingelipa karo ya mjukuu wake. Nilimwambia kweli: nyingi hazina bei, maana zilipigwa kwa wingi. Lakini chini kabisa ilikuwamo faranga 50 ya mwaka 1944, yenye tembo, nayo ina fedha halisi ndani yake. Yeye alikuwa tayari kunipa mkebe mzima kwa bei ya kilo moja ya maharagwe. Nilimrudishia ile ya 1944 mkononi, nikamshauri aipeleke kwa mtu mwaminifu mjini Goma, wala asiiuze kwa haraka. Mkusanyaji amfichaye mwenye shida thamani ya kitu chake hakusanyi, anaiba.

Katika nchi yetu watu wamekimbia makwao mara nyingi, na vitabu na picha vimebaki nyuma. Sarafu huingia mfukoni, huvuka mto pamoja na mwenyewe. Ndiyo maana nasema yafaa, ingawa hainunui chumvi. Haba na haba hujaza kibaba. Basi ndugu, leo jioni mwulize mzee wako: "Una sarafu gani?" Kisha keti, usikilize.