PICHA NI SALAMU

Husemwa kwamba mitaa ya mjini haina ujirani. Mimi naona upo, ila unangoja mtu wa kutangulia kutoa salamu. Salamu yangu mimi ilikuwa picha.

Tulihamia Kisauni, Mombasa, nikiwa Kidato cha Kwanza. Mwaka mzima ulipita bila kumjua mtu isipokuwa mwenye nyumba. Mama alifanya kazi hotelini akirudi saa nne za usiku, nami nikimngoja roho mkononi. Pale konani palikuwa na maskani ya vijana, na sifa za vijana wa Kisauni, mpenzi msomaji, bila shaka umezisikia: ati wote ni watu wa mapanga.

Likizo ya Agosti mama akawa ananiachia simu yake siku za ofu. Nikaanza na mzee muuza kahawa. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu." Nilinunua kikombe, nikakaa, ndipo nikamwomba nimpige picha. Akacheka, akasema, "Ngoja basi nivae kofia."

Kofia ile ilinifunza jambo. Miaka ya 1960 na 1970 watu wa Mombasa walikwenda studio, kama ile ya N. V. Parekh, wakiwa wamevalia vizuri. Aliyepigwa picha alijua anapigwa, na alijiandaa. Picha za simu siku hizi hunyakuliwa kama andazi lililonyakuliwa na kunguru. Na hali Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha! Kwa hivyo nilijiwekea kanuni mbili: kwanza naomba, na nikishapiga, naisafisha picha na kumpelekea mwenyewe. Mama muuza mbaazi na mahamri alikataa katakata. Nikamshukuru, nikanunua mahamri yangu, nikaenda zangu.

Mwisho nikafika maskani. Kijana mmoja akaniuliza, "We ni wa polisi ama wa gazeti? Maana sura zetu hutakiwa tukishashikwa ama tukishakufa."

Maneno hayo yalinichoma. Nikawaonyesha nyumba yetu, nikawaonyesha na picha ya mzee wa kahawa. Wakaangua kicheko kwa ile kofia. Basi wakakubali, nikawapiga wakicheza karata. Wiki iliyofuata nikawapelekea picha nne, kila mtu na yake. Yule aliyeniuliza aliitazama yake kimya, kisha akaitia mfukoni taratibu.

Siku ya pili mamake alinisimamisha njiani. Akaniambia kwamba tangu mwanawe awe mtu mzima, hakuwa na picha yake yoyote ila ile ndogo ya kitambulisho. Akaniuliza jina langu, mama yangu ni nani, na tumetoka wapi. Hapo mtaani hapakuwa na mtu aliyewahi kuniuliza hayo.

Usiku mmoja wa mvua stima zilipotea mtaa mzima, na mama alikuwa hajafika. Saa tano nikasikia hodi. Alikuwa amesindikizwa na vijana wawili, mmoja amembebea mkoba. Walipoondoka mama akaniuliza, "Wale wameniita mama wa fulani. Jina lako wamelijuaje?"

Sisemi kwamba uhalifu haupo. Watu wameumizwa kwa mapanga Kisauni, na waliofiwa wanajua. Lakini kumwogopa kila kijana aliye konani hakukumfikisha mama yangu nyumbani. Kilichomfikisha ni kujuana.

Wanachama wenzangu, likizo ijayo wengi wetu tutashika simu. Kabla ya kubonyeza, taja jina lako. Ukishapiga, rudisha picha kwa mwenyewe. Na ukikataliwa, angalau mmeshaamkiana, na kesho mtaamkiana tena. Mtu ni watu, na watu hujuana kwa kuanza.