Makuta Yaliyokufa Ndani ya Sanduku

Mwezi huu tusafiri pamoja mpaka Wamaza, kusini mwa Maniema, upande wa Kasongo na Kabambare. Njia ni ya taabu. Mvua ikinyesha, pikipiki inazama katika matope, nawe unashuka kusukuma.

Nilipofika niliingia butike kununua chumvi na sabuni. Nikatoa dola 20. Mwenye butike akaiinua juani, akaigeuza, akanirudishia. "Pasta, hii imepasuka. Huku haitembei." Kweli, mpasuko ulikuwa mdogo kama ukucha wa mtoto. Kumbe nilibeba karatasi tu!

Mama mzee aliyenilaza alicheka sana. Akavuta sanduku la chuma chini ya kitanda: mabunda ya zaire, yenye sura ya Mobutu. "Mwanangu, huu ni mchele wangu wa miaka mitatu. Nilitaka binti yangu aingie sekondari." Binti hakuingia. Leo anauza mihogo sokoni, na akipata barua anatafuta mtu wa kumsomea.

Wewe kijana ambaye hukuona nyakati zile, sikiliza. Zaire ilianza mwaka 1967. Zaire moja ilikuwa makuta 100, ndiyo maana mpaka leo pesa tunaziita makuta. Mwisho wa Desemba 1979 noti za zaire 5 na 10 zilifutwa, watu wakapewa siku chache tu kuzibadilisha. Aliyekaa mbali na benki angefanya nini? Mwaka 1993 ikaja zaire mpya, moja kwa milioni 3 za zamani. Kasai wakaikataa, wakashika ile ya zamani. Basi msafiri alivuka jimbo ndani ya nchi ileile, na makuta yake hayakununua hata ndizi. Tarehe 30 Juni 1998 ikaja franka, moja kwa zaire mpya 100,000. Piga hesabu: noti ya zaire milioni 5, ungehitaji 60,000 ili upate franka moja!

Hata Ulaya pesa zinakufa. Kroatia walitumia kuna tangu 1994, wakaingia euro tarehe 1 Januari 2023. Lakini noti za kuna benki kuu yao inazibadilisha bila kuweka mwisho wa muda. Umeona tofauti? Noti ni ahadi ya yule aliyeichapa. Kule ahadi inamngoja mwenye noti. Kwetu haikumngoja mama mzee.

Basi ukisafiri, kagua kila dola kabla ya kuipokea, maana ukishatoka mlangoni ni yako na mpasuko wake. Beba franka ndogondogo za njiani. Usiweke zote mfuko mmoja. Na wewe mchimbaji, ukiuza zahabu yako, usilaze makuta chini ya kitanda. Lipa masomo ya mtoto, nunua mabati, nunua mbuzi. Darasa alilolimaliza mtoto hakuna tangazo la kulifuta.

Asubuhi nilimwuliza mama kwa nini hachomi zile karatasi. Akajibu: "Niachie. Wajukuu wanajifunzia kuhesabu." Kisha akafungua kitambaa kiunoni, akatoa franka za mihogo ya jana, akampa mjukuu wake wa kike: "Kimbia shuleni, ulipe leo. Usingoje kesho."