Tumaini Lisilopewa Sababu

Ludwig Krapf alifika Mombasa Mei 1844. Julai akamzika mkewe Rosine na binti yao mchanga. Kila nisomapo habari hii moyo wangu hudai sababu.

Nilipofiwa na mama, watu wema waliniletea sababu tele, wala hapana hata moja iliyonifariji. Ayubu naye aliletewa nyingi na rafiki zake, akazikataa. Na Mungu aliponena katika upepo wa kisulisuli hakumpa sababu, alimwuliza maswali. Wako wasomi wanaolilaumu jibu hilo. Mimi nalipenda, maana halikumdanganya mfiwa. Namtumaini Mungu, nami sijui kwa nini alimtwaa mama yangu.

Homa ilipomwachia, Krapf alirudia kalamu, akaendelea kufasiri Maandiko Matakatifu kwa Kiswahili, kaburi la mkewe likiwa ng'ambo ya maji.