Miti ya Unyanyembe

Niliajiriwa Tabora kama bwana misitu, kazi yangu kupima mbao: mninga, mkurungu, mtundu. Lakini popote tulipopiga kambi, Sikonge au Urambo, akina mama walitupita na vikapu vya mbura na ntalali, matunda ya porini, na wazee wakichimba mizizi kando ya njia. Nikaanza kuwauliza. Kuuliza huko ndiko nilikokupenda kuliko kazi yote niliyolipwa mshahara.

Mganga mmoja wa Kwihara alinikataza kuamini majani. Kiangazi kikikaza, miti mingi ya miombo imepukutika, utaitambuaje?

"Shika gome, mwanangu. Chanja kidogo, nusa, ndipo useme."

Mninga ukichanjwa hutoa utomvu mwekundu kama damu. Mjafari, ambao wenyeji huuita mlungulungu, una shina lenye vinundu vigumu, kila kimoja na mwiba wake nchani, na jani lake likifikichwa hunukia ndimu. Magome na mizizi yake wazee huchemsha kutibu homa. Mtonga una gome nene lenye mifereji. Watoto hulipasua tunda lake kwa jiwe, wakala nyama na kutema kokwa.

Mti ambao mganga huyo alitangulia kumfundisha kila mwanafunzi, hata hivyo, ulikuwa mteyu. Mzizi wake una harufu tamu ya dawa ya kuchua, na una sumu inayoua. Nakubaliana naye mpaka leo: anayeanza na matunda hujiamini mapema mno.

Mmea nilioutilia shaka niliuchuma pamoja na ua au tunda lake, nikaubana katikati ya magazeti, nikiyabadilisha kila siku hadi ukauke. Rangi ya ua niliiandika palepale porini, maana mmea ukishakauka rangi haipo tena. Kisha niliupeleka Arusha, kwenye hifadhi ya taifa ya mimea iliyokaushwa, ukalinganishwe na mingine.

Kukusanya mimea Unyanyembe, yaani huku Tabora, si jambo la jana. Mwaka 1861 James Grant, aliyefika Kazeh, Tabora ya leo, na mpelelezi mwenzake Speke kwa njia ya misafara, alikusanya mimea safarini, na sampuli zake zikafika bustani ya mimea ya Kew, Uingereza. Nilipolijua hilo nilijiuliza ni nani aliyemwonyesha mimea hiyo, nikaongeza mstari mmoja kwenye daftari langu: jina la aliyenionyesha mmea na kijiji chake. Bila yeye ningeupita.

Fomu zetu za misitu zilihesabu mbao na kuni tu. Kwa hesabu hiyo mtonga ulikuwa mti bure, ukakatwa pamoja na mingine kukaushia tumbaku. Ndiyo maana nilifurahi sana kituo cha utafiti cha Tumbi, kikishirikiana na ICRAF, shirika la utafiti wa kilimo mseto, kilipowafundisha akina mama kusindika matonga, mbura na ntalali kuwa juisi na jamu. Waliofundishwa wakaanza kuwakemea waume zao: huo usikate, huo ni wangu.