Dawa ya Uyoga na Swali Tuliloulizwa Kilindoni



Mafrateri wakirudi kutoka uchungaji wa likizo huombwa waandike kidogo juu ya waliyoyaona. Sisi watatu tulipangiwa Mafia. Wenzetu walitutania kwamba tunakwenda kumtazama papa potwe, lakini yeye huonekana zaidi kati ya Oktoba na Machi, na sisi tulivuka kutoka Nyamisati mwezi Julai, kusi ikivuma, boti ikirushwa hadi mmoja wetu, ambaye ni wa jimbo na hana nadhiri, akataka kuweka nadhiri za daima papo hapo.

Tungeweza kuandika mengi juu ya kisiwa kile. Tumechagua jambo moja, ulevi, kwa sababu ndilo tuliloulizwa.

Mafia ni nchi ya minazi. Kwa desturi ya pwani mnazi ni mali peke yake: mtu anaweza kumiliki minazi mitano iliyosimama kwenye ardhi ya mwingine. Palipo na mnazi hapakosi mgema. Hupanda alfajiri na jioni na kotama yake, hukata ncha ya karara, huacha kibuyu kikinga. Tembo la asubuhi ni tamu, hata mtoto hulitaka. Likifika jioni limeshakuwa kali. Viroba vilipigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017, na gongo ni haramu tangu zamani, lakini tembo halihitaji kiwanda wala kuvuka bahari.

Wakazi wengi ni Waislamu. Wakristo ni wachache, na wengi wao wametoka bara: walimu, askari, wauguzi, mafundi, wavuvi. Kwa hiyo Mkristo akilewa huonekana haraka, na jirani huhesabu kwamba ndiyo dini yake. Tulisikia utani huo mara nyingi na haukutuchekesha.

Mama mmoja wa jumuiya tuliyopangiwa, mke wa fundi mwashi, alitukaribisha chai ya tangawizi barazani kwake. Ilikuwa saa kumi jioni na mumewe alikuwa amelala ndani, tulimsikia akikoroma. Mama akatoa simu. "Wanangu mafrateri, ninyi mmesoma. Hebu nisomeeni hii." Kijana wake aliyeko Dar es Salaam alikuwa amemtumia tangazo la mtu anayeuza dawa ya uyoga. Mlevi akinywa mara moja, liliandika, hamu yote inakwisha. Ni tiba iliyothibitishwa na wataalamu wa Marekani. Bei yake ilikaribia thamani ya minazi yao minane, na mnunuzi wa minazi alikwisha patikana.

Alitaka majibu mawili. Je, ni kweli inaponya? Na je, Kanisa linaruhusu?

Frateri akiulizwa maswali mawili ya namna hiyo hupenda kuanza na la Kanisa, kwa kuwa ndilo alilofanyia mtihani. Tulijizuia, tukaomba siku mbili. Pale parokiani mtandao hupatikana ukisimama mahali fulani karibu na kisima; tulisimama hapo sana.

Ugumu ni kwamba tangazo lile halikuwa uongo mtupu. Mwaka 2022 kundi la watafiti wa Marekani wakiongozwa na Michael Bogenschutz lilichapisha majaribio ya silosaibini, kiini cha uyoga unaoleta maruweruwe. Walevi 93 walishiriki. Baadhi walipewa silosaibini mara mbili, wengine dawa ya kawaida ya mzio ili wasijue wamepewa nini. Katika wiki 32 zilizofuata, waliopewa silosaibini walikunywa kupita kiasi katika asilimia 9.7 ya siku. Wenzao asilimia 23.6. Tofauti hiyo si ndogo. Hata zamani, miaka ya 1950 na 1960, madaktari waliwapa walevi dawa iitwayo LSD, na mwaka 2012 watafiti wawili wa Norway walikusanya majaribio 6 ya namna hiyo yenye watu 536: waliopata nafuu walikuwa asilimia 59 dhidi ya 38. Ila nafuu hiyo ilionekana kwa miezi michache. Ulipofika mwaka mmoja haikudhihirika tena.

Sasa angalia jinsi walivyotibiwa wale 93. Kila mmoja alipewa wiki 12 za mazungumzo na wataalamu wawili. Alikutana nao mara nne kabla ya kuonja dawa yoyote, mara nne baada ya siku ya kwanza ya dawa, na mara nne baada ya ile ya pili. Siku ya dawa alilazwa kutwa nzima, watu wawili wakikaa naye asiwe peke yake. Wenye historia ya wazimu katika familia hawakupokelewa kabisa, maana dawa hii inaweza kuuamsha. Na jambo lililotugusa kuliko yote: makundi yote mawili yalipunguza pombe tangu wiki zile nne za mwanzo, kabla ya kidonge chochote, kwa sababu tu kuna mtu aliyekaa akawasikiliza. (Tuseme pia kwamba zaidi ya 9 kati ya 10 walitambua wamepewa dawa ipi, hivyo matumaini nayo yalifanya kazi yake.)

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tiba hii imesifiwa sana, na ilipopita kwenye simu kumi hadi kufika Kilindoni, kilichobaki ni uyoga na bei. Zile wiki 12 zilimwagika njiani.

Swali la pili lilikuwa rahisi kuliko tulivyodhani. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2291, inafundisha kwamba kutumia dawa za kulevya ni kosa kubwa, lakini inatenga matumizi yaliyo ya tiba kweli. Mlango haukufungwa basi, ila tiba kweli inataka daktari, kipimo na sheria. Silosaibini na LSD zimo katika jedwali la kwanza, lenye udhibiti mkali kuliko yote, la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971. Anayeuza uyoga kwa ujumbe wa simu hatibu mtu.

Usiku tulibishana wenyewe kwa wenyewe, kama kawaida ya mafrateri. Mmoja alikumbusha kwamba msalabani Bwana wetu aliikataa divai iliyotiwa manemane (Mk 15:23). Mwingine akajibu kwamba Paulo alimshauri Timotheo anywe divai kidogo kwa ajili ya tumbo (1 Tim 5:23). Kilichotusumbua hasa ni hiki: wagonjwa wengi wa dawa hizi wanasimulia kwamba waliona nuru, walijisikia wamesamehewa, walikutana na Mungu. Je, neema inaweza kupita kwenye uyoga?

Kisa cha Bill Wilson, mmoja wa waanzilishi wa chama cha Walevi Wasiojulikana, AA, kilitusaidia. Desemba 1934, akiwa mahututi kwa pombe katika hospitali moja ya New York, aliona nuru kubwa na hakunywa tena hadi alipofariki mwaka 1971. Wasimuliaji wengi huishia hapo. Lakini siku zile alikuwa akitibiwa kwa beladona, mmea ambao nao huleta maruweruwe. Mwaka 1956 akajaribu LSD mbele ya daktari, akaona inaweza kumsaidia mlevi kuvunja kiburi chake, na wenzake wengi hawakupendezwa. Rafiki yake wa kiroho alikuwa Mjesuiti, Padre Ed Dowling, ambaye aliona hatua 12 za AA zinafanana na Mazoezi ya Kiroho ya Mtakatifu Inyasi.

Hatutaamua sisi ile nuru ilitoka wapi. Mtakatifu Thoma anatufundisha kwamba neema haiyabomoi maumbile, na Mungu hatuombi ruhusa kuhusu njia anazopita. Tunachokiona ni kwamba Mei 1935, miezi mitano tu baada ya nuru ile, Wilson alikuwa amesimama katika ukumbi wa hoteli mjini Akron, biashara imemharibikia, baa iko wazi mbele yake. Alikwenda kwenye simu kutafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye. Ndivyo alivyokutana na Daktari Bob Smith, na kutoka mazungumzo yao AA ikazaliwa.

Tulimrudia mama tukamwambia asiuze minazi. Tukamwambia na jingine, ambalo tungependa kila katekista alijue: anayekunywa sana kila siku asiache ghafla akiwa peke yake nyumbani, hata kama ameahidi mbele ya altare. Katika siku mbili tatu za mwanzo anaweza kutetemeka, kupata degedege, kuona vitu visivyokuwepo, hata kufa. Madaktari wa Kanada waliowapa walevi LSD miaka ya 1950 walianzia hapo hapo: walidhani dawa ingeiga hofu ya hali hiyo na kumtisha mlevi aache. Wagonjwa wakawarudia wakisimulia nuru badala ya hofu.

Bwana mwenyewe alipoamka alisikiliza yote, akacheka uyoga, akasema hospitali atakwenda Jumatatu. Jumatatu hakwenda. Alikwenda wiki mbili baadaye, baada ya kuanguka kwenye jukwaa la kazi, akalazwa siku nne. Walimpa dawa ya kutuliza na vitamini B1, na hakupata degedege. Aliporudi, katekista akapanga zamu na wanaume wawili wa jumuiya na sisi watatu: kila siku kuanzia saa kumi na moja jioni, saa ambayo tembo hushuka, mtu mmoja akae naye barazani. Hatukuhubiri. Siku nyingi tulicheza bao, naye alitufunga vibaya. Jirani mmoja, mzee Mwislamu, hakuomba zamu. Alikuja tu na birika lake la kahawa kila jioni baada ya alasiri, akakaa hadi magharibi.

Alianguka mara mbili. Mara ya pili mama alitaka tena namba ya yule wa uyoga, na mzee wa kahawa ndiye aliyemtuliza, si sisi.

Miwili kati ya ile minazi minane ilikuwa ikigemwa, na mgema alilipa kwa tembo. Mama amemwambia ateremshe vibuyu. Karara lililokatwa halizai. Lazima lije jipya, na kutoka hapo hadi nazi ikomae ni karibu mwaka. Tulipoondoka mwanzoni mwa Septemba hapakuwa na kitu bado juu ya miti ile, na bwana alikuwa na siku 19.